Siku Salum Alipokuwa Mwezini

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Guangzhou, mwanangu, nilipoambiwa kwamba mwanamume anayetaka kunioa yuko mwezini. Cheka tu. Siku ile ungenicheka ungeona, maana nilikuwa na mwavuli mkononi na sikuwa mtu wa kuchelewa kuutumia.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu Rahma. Rahma ana Kiingereza kinachowatoa walimu jasho. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Juzi nimemsikia kwenye simu akimwambia mwenzake kwamba yuko bluu. Nikamtazama toka utosini hadi unyayoni, nikaona ni rangi ile ile ninayoipaka mafuta tangu hajatimiza arubaini. Nikamuuliza, una nini? Akasema, "Niko poa, bibi." Kwa mwenzake bluu, kwa bibi yake poa. Moyo wangu ukarudi Sanyuanli, kule kule Guangzhou.

Ilikuwa miaka ya tisini inaishia. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisomea dirishani, nikitazama nani anapita. Nilikuwa nimeachika, binti yangu mmoja nimemwacha Magomeni kwa mama, na nimechoka kuuza nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu. Shangazi yangu Zena, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaanza safari za China kufuata mikoba na viatu vya kike. Akanichukua. Tulipanga chumba kimoja Sanyuanli, watatu: mimi, Shangazi, na Njeri kutoka Nairobi, dada mrefu, mtu wa kanisa, aliyekuwa akinunua vitambaa vya mapazia. Njeri ndiye mwenye Kiingereza. Mimi na Shangazi tulikuwa na vidole vya kuonyeshea bei na macho ya kutishia.

Sasa elewa kwanza ugomvi wa Shangazi na Njeri, maana ndio ulioharibu kila kitu. Kulikuwa na muuza mikoba mmoja aliyejua Kiingereza kidogo. Shangazi akamwambia Njeri, mwambie huyu mkoba wake unanuka kama samaki aliyesahauliwa juani, na mimi sifungi samaki begani. Njeri akageuka, akasema maneno mafupi kwa sauti ya upole, na yule muuzaji akatabasamu. Shangazi akaona lile tabasamu. Ametukana mtu, mtu anacheka, hilo kwake lilikuwa wizi. Akamwambia Njeri kwamba anaongeza sukari kwenye maneno ya watu, na kwamba yeye Zena hajamwajiri mtu wa kumtia sukari.

Njeri aliumia. Alikaa kitandani akakunja mapazia yake pasipo sababu, akafungua, akakunja tena. Kisha akasema, "Sawa, Mama Zena. Kutoka leo ni neno kwa neno. Vile mtu amesema, vile nakupea. Siongezi, sipunguzi."

Shangazi akasema ndivyo inavyotakiwa. Kumbe amejichimbia shimo.

Ndipo anapoingia Salum. Salum alikuwa mtu wa Unguja, mnunuzi wa sufuria na chupa za chai, mwembamba, mpole, anayesalimia hadi paka wa ngazini. Siku aliyokuja kuniposa alivaa kanzu. Kanzu, Guangzhou, mvua inamwagika. Imemlowa mpaka magotini imegeuka rangi ya lami. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kumweleza Shangazi habari za sufuria, zipi zina kitako kizito na zipi zinaungua haraka, mpaka Shangazi akamkatiza. "Salum, sufuria nimezielewa. Sema kilichokuleta."

Akakitaja kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la Njeri, nimesikia yote. Nikasema nipewe muda wa kufikiri, kwa sababu mwanamke aliyeachika akikubali siku hiyo hiyo watu watasema alikuwa amekaa mlangoni. Salum akaaga kwenda Huangpu, bandarini, kusimamia mzigo wake upakiwe melini. Akasema Ijumaa atakuwa amerudi.

Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimekwisha kufikiri. Shangazi akataka jibu lifike kwa simu. Chini ya jengo letu palikuwa na duka la mama mmoja wa Kichina. Wenye maduka wote tuliwaita laoban, yaani bosi, kwa hiyo yeye alikuwa Laoban Chen. Alikuwa na simu ya kulipia. Kule Huangpu simu ilipokelewa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akisimamia ofisi ya mizigo. Njeri akamwomba amwite Salum, Salum akaja, Shangazi akachukua mkono wa simu akamwambia, "Amekubali." Basi. Tukasikia kitu kimeanguka. Kisha ile sauti ya Mwingereza ikarudi, inacheka, Njeri akasikiliza, akakata simu.

"Amesema nini?" Shangazi akauliza.

"Amesema Salum yuko juu ya mwezi."

"Yuko mwezini?"

"Juu. Ndani. Mwezi ni mwezi, Mama. Mimi nimekupea vile amesema."

Mwanangu, kwetu pwani hakuna anayeingia mwezini isipokuwa mwanamke, na anaingia kila mwezi, na hatangazwi kwenye simu ya dukani. Shangazi akanitazama. Mimi nikamtazama Laoban Chen, ambaye hajaelewa hata herufi moja, lakini aibu niliona kama ameelewa yote. Tulipopanda ngazi Shangazi akanishika mkono akaninong'oneza, "Mwanaidi, tumekubali nini sisi?"

Ijumaa ikaja, Salum hakuja. Jumamosi hakuja. Tukapiga simu. Mwingereza akasema maneno, Njeri akasikiliza na uso wake wa mawe, akatupa: "Salum yuko kwenye maji ya moto."

Shangazi akashusha pumzi kubwa. Mambo yalikuwa yamekaa sawa kichwani mwake. Juzi mwezini, leo maji ya moto. "Alhamdulillah," akasema, "imekwisha. Anajitoharisha."

Nikamwambia Shangazi, mtu gani anaoga tangu Ijumaa mpaka leo. Akanijibu kwamba Waunguja ni watu wasafi. Mimi nikaanza kuvimba. Mwanamume ameposa, amejibiwa ndiyo, badala ya kuja mbio anajiroweka kama maharage.

Jumatatu Shangazi akataka kumsikia Salum mwenyewe, kwa masikio yake, pasipo mtu katikati. Salum akaletwa kwenye simu. Mimi nimebana sikio langu upande wa pili wa ule mkono wa simu, nasikia kila kitu. Shikamoo, Bi Zena. Hali? Nzuri. Na mzigo? Mzuri. Na afya? Nzuri. Na huko watu wote? Wazima, salama, alhamdulillah, mvua tu kidogo. Kila mlango Shangazi aliogonga palikuwa pazuri. Katikati akakohoa, kikohozi kirefu cha kuanzia tumboni. Shangazi akamuuliza, hicho nini? Akasema vumbi.

Vumbi, na mvua imenyesha wiki nzima. Neno hilo liliingia sikioni mwangu likatokea la pili. Nilikuwa nasikiliza kama atauliza habari zangu. Hakuuliza. Nikavimba zaidi.

Siku mbili mbele Salum hakuja kabisa kwenye simu. Yule Mwingereza aliongea peke yake, kwa urefu, na safari hii hakucheka. Njeri akasikiliza. Nikaona amefungua mdomo, akaufunga, kama mtu aliyetaka kusema jambo lake mwenyewe akakumbuka alivyotukanwa. Kisha akasema, "Anasema Salum yuko katika wekundu. Na tena yuko chini ya hali ya hewa."

Tulicheka, mwanangu. Namwomba Mungu anisamehe, tulicheka mpaka tukashikana. Chini ya hali ya hewa. Na sisi tuko juu yake? Shangazi akaomba atajiwe mtu mmoja tu ambaye hayuko chini ya hali ya hewa, ampelekee zawadi. Katika maneno yote ya yule mzee, hilo ndilo tulilolicheka kuliko yote.

Kwenye wekundu, Shangazi hakucheka. Alikaa akaunganisha: mwezini, maji ya moto, wekundu. Akatikisa kichwa. "Imemrudia," akasema.

Basi mimi nikaona mtu anatoka damu, iwe kwa ugonjwa gani sijui, na dawa za Kichina zina sifa. Nikamgeukia Laoban Chen. Neno la nyekundu nililijua, hong, kwa ajili ya kuagiza mikoba. Nikamwambia, "Salum, hong." Nikajionyesha kifuani, kwamba ni huyu Salum wangu, kisha nikaonyesha upande wa bandari. "Salum, hong."

Laoban Chen akapiga makofi. Akanishika mikono yote miwili, akanivuta mpaka nyuma ya duka, akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi jekundu lililokatwakatwa kwa nakshi, akanijaza pipi kiganjani. Nilipobaki nimeduwaa, akaamua kunifundisha. Akajitupia kitambaa chekundu kichwani, akachukua fagio akalisimamisha ubavuni mwake, akaliinamia fagio kwa adabu, fagio nalo akaliinamisha. Huyo fagio alikuwa bwana harusi. Kwao, mwenye wekundu ana harusi.

Nikaelewa. Nikaelewa kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Salum anaoa Mchina huko Huangpu, ndiyo maana anaoga, ndiyo maana harudi, ndiyo maana kila kitu ni kizuri. Nikachukua mwavuli wangu. Shangazi akauliza unakwenda wapi, nikasema harusini.

Walinifuata wote wawili, Shangazi kwa hofu nitaua mtu, Njeri kwa sababu Shangazi alimwamuru. Basi lilikwenda mwendo wa konokono na mvua inapiga vioo. Njia nzima nilikuwa napanga matusi yangu kwa mpangilio, madogo mbele, makubwa nyuma, kama watoto kwenye picha ya shule. Njeri alikuwa kiti cha mbele yetu, anachungulia nje. Mara moja aligeuka akamwambia Shangazi, "Mama, ningependa kuwaambia kitu," na Shangazi, ambaye mawazo yalikuwa kwangu na mwavuli, akamwambia asubiri.

Bandarini yule Mwingereza alitupokea getini. Mzee mwembamba, suruali imeishia juu ya vifundo, mwavuli wake mkubwa kuliko yeye. Alipoona wanawake watatu, mmoja ana baibui limelowa na macho mekundu, hakuuliza tunamtafuta nani. Akatupeleka uani.

Palikuwa na lundo la maboksi limefunikwa turubai, lakini turubai halikutosha, na pembeni maboksi yalikuwa wazi. Yameandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za ukutani, boksi baada ya boksi, safu baada ya safu. Mwanangu, darasa la nne ni dogo lakini lilinitosha kusoma jina langu. MWANAIDI. MWANAIDI. MWANAIDI. Mvua imeanza kuichuruza ile rangi, jina langu linalia.

Na katikati ya majina yangu, chini ya ukingo wa turubai, Salum amekaa juu ya boksi, amejikunyata kwenye ile kanzu, midomo imemkauka, anatetemeka mpaka boksi linatetemeka naye.

Matusi yangu yote yaliyokuwa kwenye mstari yakatawanyika. Nikasema tu kile mtu wa kwetu anachosema. "Hujambo, Salum?"

"Sijambo."

"Habari?"

"Nzuri," akasema, na meno yanagongana.

Shangazi akanisukuma pembeni. Akainama mpaka uso wake ukakutana na wake. "Salum. Jana ulikula nini?"

"Salama, Bi Zena."

"Sikukuuliza hali yako. Nimekuuliza ulikula nini."

Akafikiri. Nilimwona anatafuta neno zuri na halipatikani, kwa sababu swali lile halina jibu la adabu. Ama umekula ama hukula. "Sikula," akasema.

"Na juzi?"

"Biskuti."

"Na unalala wapi?"

Akalipapasa boksi alilokalia.

Shangazi akanyooka. Hakumpigia kelele Salum. Alitugeukia sisi sote, pamoja na Mwingereza ambaye hakujua anakemewa nini. "Huyu angekufa na salama mdomoni," akasema, "na sisi tungekuwa dukani tunacheka."

Ndipo Njeri akasema, taratibu, macho chini. Juu ya mwezi ni furaha iliyopita kiasi. Maji ya moto ni matatani. Wekundu ni hasara. Chini ya hali ya hewa ni kuumwa.

"Ulijua?" Shangazi akauliza.

"Nilijua. Lakini wewe uliniambia unataka neno kwa neno. Hukuniambia unataka maana."

Nilidhani Shangazi atamrarua. Alipangusa mvua usoni kwanza. "Ni kweli nilisema," akajibu. "Lakini umejua mtu ana homa, Njeri, ukaniletea hali ya hewa?"

Njeri alivua sweta lake, sweta zuri la sufu alilolipenda kuliko mapazia yote, akamvika Salum kama anavyovikwa mtoto, mkono huu, mkono huu, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Toka siku hiyo yeye na Shangazi walikuwa mtu na dada yake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kila mfanyabiashara ana alama yake anayoipiga kwenye maboksi, na alama hiyo hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi za bandari. Salum aliposikia neno "amekubali", akaangusha simu, akakimbia, akatafuta rangi, akayafuta maboksi yote na kuyapa jina langu. Alisema hakufikiri. Alisema aliona ingependeza yafike Dar yakiwa na jina la mwenyewe. Karatasi zinasema hivi, maboksi yanasema vile, bandari ikayakataa, meli ikaondoka. Akabaki nayo uani, anayalipia kukaa, hana cha kula, na haondoki kwa hofu sufuria zitalowa. Sufuria, mwanangu. Kitu kilichoumbwa kutiwa maji. Homa hiyo ilikuwa homa ya mtu asiyetaka sufuria ziguswe na mvua.

Tulimpeleka kwa daktari, akachomwa sindano, Shangazi akamlisha uji wa mchele kwa kijiko huku anamtukana kwa mapenzi. Daktari alisema tungechelewa kidogo kifua kingekuwa habari nyingine. Aliposikia hivyo Njeri akatoka nje akasimama ukutani peke yake. Na mimi nilikuwa na pipi za harusi bado mfukoni, zimeganda.

Salum alipopata nguvu tulirudi Huangpu na kopo la rangi nyeusi. Jina langu nililifuta mwenyewe, Salum akairudisha alama yake. Sikumwachia mtu. Nilijifuta boksi baada ya boksi, na mpaka leo sijaona mwanamke mwingine aliyejifuta mara nyingi vile huku anatabasamu. Boksi moja nililificha, nikajifanya nimelisahau. Bado ninalo, natilia vitambaa. Panya wamekula mwanzo na limebaki NAIDI, lakini anayejua kusoma ananijua.

Harusi tuliifanyia kule kule, chumbani Sanyuanli, shehe mmoja Msomali akatufungisha. Laoban Chen alikuja na karatasi lake jekundu akalibandika mlangoni, akanitazama kama anayesema, si nilikwambia. Na kweli. Katika watu wote waliosikia habari za Salum wiki ile, mwenye kupatia alikuwa yeye tu. Rahma humwita Salum babu, na ole wake atakayemsahihisha kwamba si wa damu.

Sasa sikiliza nikwambie ninachotaka kukwambia. Wenye Kiingereza chao wakiwa na raha wanakwambia wako mwezini, na wakiwa na shida wanakutajia maji, rangi na mawingu. Usiwacheke sana. Sisi tunafanya hila ile ile kwa njia nyingine: wao wanaificha hali yao kwenye maneno mengi, sisi tunaificha kwenye neno moja tu, nzuri. Ukimpenda mtu usitosheke na kimojawapo. Muulize amekula nini. Muulize amelala wapi, na nani yuko karibu naye. Hapo hakuna pa kujificha. Na kama ni wewe mwenye shida, sema inavyosemwa: naumwa, nina njaa, naogopa, njoo. Na kama unajua mtu anaumwa, usimfikishie ndugu yake neno ukabaki na maana, hata kama jana huyo ndugu alikutukana.

Juzi ile, Rahma alipokata simu, nilimwendea chumbani. Sikumuuliza habari yake. Nikamuuliza, "Leo umekula nini?" Akafungua kinywa aseme poa, neno halikutosha. Akaanza kulia; kumbe bluu ya Kiingereza ni huzuni. Alikuwa hajala tangu jana yake. Kuna jambo la shuleni, ni lake, silitangazi hapa. Nikamtengenezea uji kwa sufuria ya Huangpu, kitako kizito, haiunguzi, na babu yake akaja akakaa mlangoni, akamsalimia kwanza paka, kisha yeye.

Mungu akujaalie, mwanangu, furaha itakayokufanya uandike jina la mtu mahali pasipostahili. Akupe wa kukufutia rangi siku furaha hiyo ikikuponza. Na siku ukiwa unatetemeka mvuani na mdomo wako unasema nzuri, akuletee mtu asiyekuamini. Amina. Haya, umekula?